Chagueni kijiji kwanza, shamba baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wasomaji wako wanaojiandaa kuhama Dar es Salaam kwenda kuishi kijijini: wastaafu, waliochoshwa na kodi ya nyumba, na vijana wanaotaka kulima. Karibu wote huanza kwa swali moja: ekari ni shilingi ngapi? Swali hilo lina wakati wake, lakini likitangulia huwaponza. Ekari ya bei poa katika kijiji kisicho na maji mwezi wa Oktoba ni ghali kuliko mnunuzi anavyodhani.

Ununuzi wenyewe huenda hivi. Dalali anamchukua mteja Jumamosi asubuhi, mwezi wa Agosti. Barabara ni kavu, gari dogo linapita bila taabu. Nyasi zimelala, eneo linaonekana tambarare na safi. Muuzaji anapiga hatua, mwenyekiti wa kitongoji anatia sahihi, watu wanapeana mikono, na saa tisa alasiri gari liko njiani kurudi mjini. Siku hiyo mnunuzi hakuiona barabara ya Aprili, hakuona foleni ya maji ya Oktoba, hakuona njia ya ng'ombe, wala hakukaa kwenye kikao cha kijiji. Na hayo ndiyo atakayoishi nayo.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayowarudisha wengi mjini.

Nendeni kijijini mwishoni mwa Septemba au Oktoba, vuli haijaanza. Laleni hapo usiku mmoja, na saa kumi na moja alfajiri muwe kwenye gati la maji, yaani kituo cha kuchotea maji cha kijiji. Hesabuni ndoo zilizopangwa kabla halijafunguliwa. Kisha waulizeni wanaochota, msimuulize anayeuza shamba: gati linafunguliwa siku ngapi kwa wiki? Likiharibika mnakwenda wapi? Ndoo ya lita 20 ikiletwa kwa baiskeli au bodaboda ni shilingi ngapi sasa, na wakati wa masika ilikuwa ngapi? Tofauti ya bei hizo mbili itawaeleza hali ya kijiji kuliko maelezo yoyote ya dalali. Ulizeni pia habari za chombo cha watumia maji kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini: kina akiba benki au hakina? Pampu nyingi za vijijini hazifi kwa sababu kisima kimekauka. Husimama kwa kukosa fedha ya dizeli au ya kipuri kimoja, na hukaa hivyo miezi.

Halafu maji yenyewe yapimwe. Ukanda wa Pwani, visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ishara za haraka zinajulikana: sabuni haitoi povu, na sufuria ikichemshwa mpaka ikauke hubaki utando mweupe. Ushauri wa kwamba "chimba zaidi utapata maji matamu" ni wa hatari huko. Maji ya ardhini yasiyo na chumvi hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Ukichimba chini zaidi, au ukivuta kwa pampu kubwa bila kupumzisha kisima, unaipandisha chumvi.

Wanaokwenda Arusha, Kilimanjaro, Manyara au Singida wana jambo jingine la kutazama: madini ya floridi. Kwenye miteremko ya Mlima Meru tatizo hili ni la miaka mingi. Watazameni watoto waliozaliwa na kukulia kijijini hapo, wenye umri wa miaka minane na kuendelea. Meno ya mbele yakiwa na mabaka ya kahawia, ni dalili kwamba maji yao yana floridi nyingi. Kuchemsha hakusaidii, tena huzidisha, kwa kuwa maji hupungua na floridi hubaki. Chujio la kawaida la nyumbani nalo haliiondoi. Pelekeni sampuli maabara ya maji mkapime kabla ya kulipa chochote. Kipimo cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo na bado mnakipenda kijiji, mahesabu yenu ya maji ya kunywa na kupikia yahamie kwenye mvua.

Hesabu ya mvua si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 12, mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 96,000. Toa sehemu moja ya tano inayomwagika na kuvukizwa, zinabaki kama lita 77,000. Familia ya watu watano inayotumia lita 200 kwa siku inahitaji lita 30,000 kwa siku 150 za ukame, yaani matangi sita ya lita 5,000. Kwa hiyo mvua ipo, ila pa kuiwekea ndipo penye gharama. Mwenye matangi mawili tu ayatengee kunywa na kupika, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi aiache ipite nje ya tangi ioshe vumbi na vinyesi vya ndege.

Wanaotegemea kuchimba kisima kirefu wajue hatua zake. Kwanza upimaji wa maji chini ya ardhi, kisha kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika (kwa mji wa Morogoro na sehemu kubwa ya Pwani ni Bonde la Wami/Ruvu), ndipo mtambo uje. Wachimbaji hutoza kwa mita, na shimo likitoka kavu mita zimeshachimbwa. Jambo hilo liandikwe kwenye mkataba mapema: nani anabeba hasara ya shimo kavu, na kwa kiasi gani.

Sasa masika. Rudini kijijini hicho hicho Aprili. Msiende na gari la rafiki lenye magurudumu makubwa, pandeni basi kisha bodaboda, kama mtakavyosafiri siku zote mkihamia. Mwulizeni dereva: kuna siku huwa hupiti kabisa? Zinafika ngapi kwa msimu? Nauli ya leo na ya Agosti zinapishanaje? Mtazame pale barabara inapokata kijito. Kama kuna kalavati, je, limeziba? Kama hakuna, maji yanafika magotini au kiunoni baada ya mvua ya usiku mmoja? Barabara ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) na ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) hazifanani kwa bajeti wala kwa kasi ya matengenezo, na njia ya kuingia shambani kwenu huenda haimo katika orodha ya yeyote kati yao. Njia ya namna hiyo ni ya majirani, na jirani akigombana nanyi anaweza kuifunga. Ijulikane mapema ni njia ya nani.

Aprili ndiyo pia itakayowaonyesha maji yanasimama wapi. Mabonde ya mito ni mazuri kwa mpunga na mboga, lakini si pa kujenga. Kilosa ilizama mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Rufiji na Kibiti zikazama mwaka 2024. Kabla ya kuchagua pa kuweka msingi, mtafuteni mzee wa kijiji awaonyeshe maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi. Wazee hukumbuka kwa mti na kwa nyumba: "yalifika hapa kwenye mwembe wa fulani." Tazameni na vigogo vya miti vyenyewe. Mstari wa tope na takataka zilizonasa matawini huonekana muda mrefu baada ya mto kurudi chini. Matete na mikuyu mahali pakavu ni dalili kwamba maji hayako mbali chini. Na sheria nayo ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Shamba linalosifiwa kwa "kupakana na mto" huenda nusu yake hamruhusiwi kujenga.

Udongo nao uulizwe. Ule mweusi mzito, unaoitwa mbuga sehemu nyingi, huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Agosti utauona umepasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kwenye kifundo, na Aprili unang'ang'ania kiatu mpaka kinavuka. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida hupasuka kwa ngazi, kuanzia pembe za madirisha. Zunguka kijijini utazame nyumba za tofali zilizojengwa miaka kumi iliyopita, kuta zake zitakujibu. Kwa karo, yaani shimo la majitaka, na choo, chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina cha nusu mita, lijaze maji mara mbili ili ardhi ishibe, kisha lijaze mara ya tatu. Kama kesho yake yamo, karo lako halitanyonya, na utakuwa unaita gari la kunyonya majitaka ambalo masika halifiki. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini.

Kuhusu kilimo nitasema moja tu, maana mabwana shamba wapo. Morogoro, Pwani na Tanga zina vuli na masika. Dodoma, Singida, Iringa na Njombe zina msimu mmoja. Aliyepanga maisha yake kwa mavuno mawili ya mahindi asinunue mahali penye moja akitegemea Mungu atabadilisha tabianchi. Na mwenye pumu au maumivu ya viungo, kabla ya kuvutiwa na viazi vya Njombe, akae huko Juni na Julai, wakati jalidi, yaani umande ulioganda alfajiri, inapochoma majani. Kwa kukimbia baridi, watu hupoteza maisha kwa kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Ng'ombe. Kilosa na Mvomero, na siku hizi Rufiji, Kibiti na Handeni, ugomvi wa wakulima na wafugaji si habari ngeni kwa wasomaji wako. Chanzo chake mara nyingi kiko kwenye ramani. Kijiji kilichofanya mpango wa matumizi bora ya ardhi kina ramani inayotenga makazi, kilimo, malisho, vyanzo vya maji na msitu wa kijiji, na nakala yake hubandikwa ofisini. Wekeni kidole kwenye ramani hiyo muulize shamba mnalouziwa liko rangi gani. Shamba lililo kwenye rangi ya malisho huuzwa rahisi, na kila kiangazi mifugo itapita humo kwenda mtoni, na wenye mifugo watakuwa na haki. Kama kijiji hakina ramani, tafuteni njia za ng'ombe kwa macho: ukanda mpana usioota nyasi, ardhi iliyoshindiliwa kwa kwato, vinyesi vikavu. Walio karibu na Mikumi au hifadhi nyingine waulize pia habari za tembo, na mwezi wanaoshuka.

Sasa nije kwenye ile ekari. Vijijini ekari hupimwa "hatua 70 kwa 70". Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63 na nusu hivi. Hatua 70 za mtu anayepiga sentimita 90 zinatoa mita 63, na hapo sawa. Lakini muuzaji akipiga hatua za kawaida za sentimita 75, upande unakuwa mita 52 na nusu na eneo zima mita za mraba 2,756. Umelipa ekari nzima, umepata chini ya robo tatu. Nendeni na utepe wa mita 50 na watu wawili, mpime pande zote nne na kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili, majirani wa pande zote wakiwepo. Mpaka uwe wa kitu kinachoishi: minyaa, mkonge, michongoma. Kijiti kilichochomekwa leo kesho kitakuwa kuni.

Karatasi ndipo penye majuto makubwa zaidi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe 15 hadi 25, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya awali ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hata mwanakijiji anapomuuzia mtu shamba lake, halmashauri hiyo inatakiwa iridhie. Sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake si kikao, wala muhuri ambao mwenyekiti wa kijiji ameubeba mfukoni si kikao. Ombeni nakala ya muhtasari: tarehe, mahudhurio, jina lenu, ukubwa na mipaka ya eneo, na sahihi ya mtendaji ambaye ndiye katibu. Kila fedha inayolipwa ofisini itolewe stakabadhi.

Muuzaji naye achunguzwe. Kama ana mke au mume, mwenza aje mwenyewe atie sahihi, asipigiwe simu. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Kama shamba ni la marehemu, mtakayemlipa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wajue. Mtoto mkubwa "anayesimamia mali ya baba" kwa maneno tu hana cha kuwauzia. Kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, huko Kilosa, Muheza na Korogwe, ulizeni kama hati ya mwekezaji ilifutwa kweli na kama ardhi imeshakabidhiwa kijiji kwa maandishi. Watu wanaolima humo miaka 20 hawathibitishi chochote. Na kando ya barabara kuu au ya mkoa pimeni mita 30 kutoka katikati ya barabara kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Alama ya X ukutani huanzia hapo.

Mkishakubaliwa, ombeni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hutolewa na kijiji ambacho mipaka yake imepimwa na chenye Cheti cha Ardhi ya Kijiji, kwa hiyo cheti hicho kiulizwe siku ya kwanza, kabla ya bei. Kijiji kilichotangazwa kuwa eneo la mipango miji kina utaratibu mwingine, wa viwanja na hati ya miliki, na maofisa wa halmashauri ya wilaya ndio wa kuulizwa.

Kutangazwa huko kunagusa hata umeme. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2022, kuunganishiwa njia moja (umeme wa kawaida wa nyumbani) kijijini ilikuwa shilingi 27,000, na mjini, ndani ya mita 30 bila nguzo, ilikuwa shilingi 320,960. Tena "kijiji kina umeme" maana yake huenda ni nguzo tatu sokoni. Kitongoji chenu kinaweza kuwa kilomita mbili kutoka hapo. Hesabuni nguzo kwa mguu. Simu ijaribiwe kwa kupiga, mkiwa shambani, pembe zote nne, kwa laini za mitandao miwili.

Hospitali haihitaji maneno mengi. Anayetumia dawa za presha au kisukari aende zahanati ya kijiji na jina la dawa yake, aulize kama huwa ipo, na kama haipo inapatikana kituo gani cha afya. Kisha apime muda wa kufika hospitali ya wilaya usiku wa mvua.

Yote haya hayachunguziki kwa Jumamosi moja. Ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni kupanga chumba kijijini kwa miezi 12, akikodi na ekari moja ya kulima. Kodi ya mwaka mzima ya chumba cha kijijini ni ndogo mno ukilinganisha na msingi uliojengwa mahali pabaya. Mwaka huo mmoja unapita kwenye masika, kiangazi na vuli, na kwa utaratibu Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, hivyo mgeni ana nafasi nne za kukaa na wenyeji, kusikia mapato na matumizi yakisomwa, na kujua nani anagombana na nani kuhusu ardhi gani. Kama mwaka umepita na mkutano haukuitishwa hata mara moja, basi hakuna wa kuwaidhinishia ardhi hapo, hata kama maji ni mengi na barabara ni ya lami. Na michango ya madarasa na misiba mtoe tangu mwezi wa kwanza. Jirani aliyewazoea ndiye atakayewaonyesha mpaka wa kweli.

Ninamalizia kwa ombi kwa watendaji wa vijiji vya Morogoro na Pwani. Wanunuzi kutoka mjini huja Jumamosi, na Jumamosi ofisi zenu zimefungwa. Ndiyo maana biashara nyingi huishia chini ya mwembe kwa dalali. Tengeni Jumamosi moja kila mwezi, tarehe yake ibandikwe mlangoni, siku hiyo ofisi iwe wazi, ramani ya matumizi ya ardhi iwe ukutani, na daftari la ardhi la kijiji liwe mezani mgeni alione.

Mpima ardhi,
Morogoro